Mkono Usiotimia

Maudhui niliyoyachagua kwa mazungumzo ya leo ni mchezo wa karata uitwao poka, na hasa ule mtindo wake uliozaliwa katika jimbo la Texas, Marekani, ujulikanao kwa jina la holdemu isiyo na kikomo, kwa kuwa ndani yake kila mchezaji ana ruhusa, zamu yake ifikapo, kuisukuma katikati mali yake yote iliyo mezani kwa mkupuo mmoja. Sikusudii kuueleza mchezo wote, maana ni mpana na wenye matawi mengi. Nataka kutua juu ya mas'ala moja tu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayompambanua mchezaji mwenye akili na mchezaji mwenye bahati, nayo ni hii: mtu aliyeshika karata ambazo bado hazijawa kitu, lakini zikipata mwenzao mmoja zitakuwa kitu kikubwa, je, yampasa atulie na kungoja mpaka zitimie, au yampasa ashambulie tangu sasa kana kwamba zimekwisha kutimia?

Kabla ya kulijibu swali hilo sina budi kuwaeleza kwa ufupi taratibu za mchezo wale ambao wamezoea karata za barazani, zile za wahedi-wa-sitini na turufu zake. Katika holdemu kila mtu hupewa karata mbili za siri. Kisha katikati ya meza hufunuliwa karata tatu kwa pamoja, halafu ya nne peke yake, halafu ya tano, na hizo tano ni shirika la wote waliosalia. Kila mmoja huchagua, katika jumla ya saba alizo nazo, tano zilizo bora. Kabla ya ufunuo na baada ya kila ufunuo kuna duru ya madau, ambapo mtu aweza kupisha, au kuweka dau, au kulifuata la mwenziwe, au kulipandisha, au kuzitupa karata zake na kujitoa. Na akisalia mmoja tu kwa sababu wengine wote wamejitoa, fungu zima la katikati huwa lake, wala hapana mwenye haki ya kumwuliza alikuwa ameshika nini.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo shina la maneno yangu yote. Katika bao kete zote ziko wazi mbele ya macho ya wachezaji na watazamaji, na anayeshinda ameshinda kwa yale ambayo kila mtu aliyaona. Lakini katika poka ziko njia mbili za kulichukua fungu, ya kwanza ikiwa ni kumzidi mwenzako kwa karata wakati wa kufunuliana, na ya pili ikiwa ni kumfanya aondoke kabla wakati huo haujafika. Anayengoja hujitegemeza juu ya njia ya kwanza peke yake, naye anayeshambulia huzifungua zote mbili kwa dau moja, na katika tofauti hiyo, ambayo kwa mtazamo wa haraka huonekana ndogo, ndimo ilimolala faida yote ya mtindo ninaotaka kuusifu.

Tuchukue mfano. Umeshika ree ya kopa na saba ya kopa, na mezani zimefunuliwa mfalme wa kopa, tisa ya pau na nne ya kopa. Kopa ulizo nazo sasa ni nne, na ukipata ya tano utakuwa na karata tano za aina moja, ambazo huzishinda jozi, na jozi mbili, na tatu za namba moja, na hata mfululizo, yaani karata tano zenye namba zinazofuatana. Kwa sasa, hata hivyo, huna chochote. Mtu mwenye jozi ya mbili anakushinda. Katika karata 52 umekwisha kuziona 5, zimebaki 47 usizozijua, na miongoni mwake kopa ni 9. Ukipiga hesabu ya karata mbili zitakazofunuliwa, utakuta kwamba kopa itatokea kwa kiasi cha mara 35 katika kila 100. Kama badala ya aina moja ulikuwa unangoja mfululizo unaoweza kutimia kwa pande zote mbili, karata zako za kukutimizia zingekuwa 8, na nafasi yako ingekuwa karibu 31 kwa 100. Na kama ulikuwa na vyote viwili kwa pamoja, karata 15, ungekuwa na nafasi 54 kwa 100, maana yake wewe usiye na kitu ndiye unayetarajiwa kushinda dhidi ya yule mwenye jozi yake mkononi.

Sasa mwangalieni yule anayengoja. Katikati ya meza mna 100, na mwenzake ameweka dau la 100. Yeye husema moyoni: nina nafasi 35 kwa 100, acha nifuate. Lakini zile 35 si zake bado, maana ni za mtu atakayeziona karata mbili zote, ilhali yeye kwa malipo hayo amenunua karata moja tu, ile ya nne, ambayo itamfaa kwa kiasi cha mara 19 katika 100. Na isipomfaa, dau jingine litamngoja, kubwa kuliko la kwanza, naye kwa karata ya tano atakuwa na nafasi chini ya 20. Hivyo hulipa mara mbili kwa kile alichodhani amekinunua mara moja, na mara nyingi hulipa ya kwanza, akaishindwa ya pili, akaondoka mikono mitupu. Zaidi ya hayo, siku atakayopata kopa yake, mwenzake ataiona mezani kama anavyoiona yeye, ataingiwa na hadhari, na hatamlipa kitu. Nimewaona watu wenye subira njema na tabia ya upole wakimaliza akiba zao kwa njia hii polepole, nao hawajui walikosea wapi, kwa sababu hakuna dau hata moja walilolifuata ambalo kwa peke yake lilionekana la kipumbavu.

Mwangalieni na mwenziwe anayeshambulia. Katikati ya meza mna 100, na mbele yake amebakiwa na 200, na hasimu wake vivyo hivyo. Anazisukuma zote 200. Hasimu akifuata, karata mbili zitafunuliwa pasipo malipo mengine yoyote. Mara 35 katika 100 mshambulizi atapata 300, na mara 65 atapoteza 200, na jumla yake ni hasara ya wastani wa 25 kwa kila mara. Hasimu akijitoa, mshambulizi anapata zile 100 za mezani papo hapo, bila kuhitaji kopa wala kitu kingine. Basi linganisheni: mara nne za kufuatwa humpa hasara ya 100, na mara moja ya kuachiwa humpa faida ya 100. Yatosha hasimu wake ajitoe mara moja tu katika tano ili mizani isimame sawa, na kila akijitoa zaidi ya hapo, hiyo ni faida. Mtu mwenye karata mbovu kabisa, asiye na matumaini ya karata yoyote itakayokuja, akitaka kufanya hadaa hiyohiyo kwa fedha hizohizo, atahitaji mwenzake ajitoe mara mbili katika kila tatu. Moja katika tano, na mbili katika tatu! Umbali wote huo umeletwa na kopa tisa zilizolala ndani ya karata 47.

Sina budi kuongeza, ili nisije nikamhadaa msikilizaji ninayemzungumzia hadaa, kwamba hesabu hiyo ni ya makadirio. Anayekufuata baada ya kusukumiwa mali yote mezani si mtu yeyote tu. Aghalabu ni mwenye kitu madhubuti, na kama ana karata tatu za namba moja, ambazo zaweza kuzidi kukua pale karata ya mezani inapojirudia, nafasi yako ya thuluthi huteremka hadi karibu robo. Lakini hata ukipunguza hivyo, hoja yasimama: karata inayoweza kutimia ni bima ya hadaa, na hadaa ni msaada wa karata isiyotimia.

Wamarekani wa zamani hawakuwa wakicheza hivyo, au tuseme waliocheza hivyo walikuwa wachache, nao waliitunza siri yao. Mtu aliyeitoa siri hiyo hadharani ni Doyle Brunson, aliyezaliwa mwaka 1933 katika kijiji cha Longworth, Texas. Alikuwa mwanariadha hodari kabla ya kuvunjika mguu, na baada ya hapo aliizunguka nchi yake akitafuta riziki katika meza za karata zisizo halali, mahali ambapo kushinda kwenyewe hakukuwa salama mpaka uwe umefika nyumbani na ulichokishinda. Alitwaa ubingwa wa dunia huko Las Vegas mwaka 1976, akautwaa tena 1977, kisha akaandika, pamoja na wenzake kadhaa, kitabu kinene kiitwacho Super/System ambacho kilitoka mwishoni mwa muongo ule, na ndani yake akaeleza waziwazi kwamba yeye hapendi kuwa mtu anayeulizwa swali la mali yake yote, bali hupenda kuwa mwulizaji. Alieleza pia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitia maanani: kwamba yale mafungu madogo anayoyaokota kila saa, kwa kuwa watu wamechoka kumfuata, ndiyo yanayomlipia siku atakapokamatwa na karata zisizotimia katika fungu kubwa. Yeye hahesabu dau moja moja. Anauhesabu usiku mzima.

Katika miaka hiyohiyo David Sklansky, mtu wa hesabu, aliipa mbinu hii jina ambalo kwa lugha yetu naona tungeweza kuliita nusu-hadaa, naye akaifafanua kuwa ni dau linalowekwa na mtu ambaye kwa sasa karata zake si bora, lakini ana nafasi ya kuridhisha ya kuwa bora zikifunuliwa nyingine. Na nyuma yao wote alikuwapo mwanahisabati John von Neumann, ambaye katika kitabu alichokiandika pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944 aliithibitisha hadaa kwa njia ya hesabu, akaonyesha kwamba si tabia ya walaghai bali ni sehemu ya lazima ya uchezaji ulio sahihi, kwa kuwa mtu asiyehadaa kamwe hatalipwa kamwe apatapo karata nzuri. Katika poka ya von Neumann, ambayo ilikuwa poka ya karatasini, mtu hupaswa kuhadaa kwa karata zake mbaya kuliko zote, maana za wastani zina thamani yake ndogo ya kuhifadhiwa. Lakini katika poka hiyo hapana karata mpya inayofunuliwa. Kila mtu hubaki na alichopewa. Katika holdemu ya kweli mambo hugeuka, kwa kuwa karata zilizo hafifu sasa haziko sawa kwa kesho yake, na mwenye busara huzichagua kwa kuhadaa zile ambazo leo ni hafifu na kesho zaweza kuwa zenye nguvu.

Nataka sasa niwasimulie mkono mmoja, yaani mgawo mmoja wa karata, uliochezwa mbele ya kamera za televisheni mwaka 2003, kwa sababu umetazamwa na watu wengi mno, na kwa maoni yangu wengi wao wameusifu mahali pasipo pake. Mashindano yalikuwa ya ubingwa wa dunia, katika nyumba ya kamari ya Binion huko Las Vegas, na washiriki walikuwa 839. Waliosalia walikuwa wawili: Sam Farha, mzaliwa wa Lebanon, mchezaji wa kazi aliyeogopwa na wengi, na Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata kiti chake kwa kushinda shindano dogo la intaneti ambalo ada yake haikufika hata dola 100. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na tisa ya kopa. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Zikafunuliwa tisa ya shupaza, mbili ya uru na sita ya shupaza. Farha akawa na jozi ya tisa, ya juu kabisa mezani, na Moneymaker hana kitu. Wote wawili wakapisha.

Karata ya nne ikawa nane ya shupaza. Hapo Moneymaker akawa bado hana kitu, lakini tazameni ni kutokuwa na kitu kwa namna gani! Ana sita, saba, nane na tisa, akingoja kumi au tano upande wowote. Ana shupaza nne pamoja na mfalme wake, akingoja ya tano. Farha akaweka dau la 300,000. Mchezaji wa kungoja angefuata, akamwomba Mungu. Moneymaker akapandisha hadi 800,000, na Farha, baada ya kufikiri, akafuata.

Kwa wakati ule, katika karata 44 ambazo hazikuwa mkononi mwa yeyote kati yao wala mezani, 17 zingempa Moneymaker ushindi: shupaza 8 zilizobaki, karata 6 za namba kumi au tano zisizo shupaza, na wafalme 3. Hiyo ni karibu 39 kwa 100. Haikufunuliwa hata moja kati ya hizo. Ikaja tatu ya kopa, karata isiyo na faida kwa mtu. Farha akapisha. Moneymaker akasukuma mali yake yote katikati. Farha akakaa muda mrefu, akamwuliza mwenzake kama zile karata za aina moja zimemkosa, na mwenzake akabaki kimya kama hakusikia. Mwishowe Farha akazitupa karata zake, ambazo zilikuwa zinashinda. Muda mfupi baadaye Moneymaker akawa bingwa, akapewa dola 2,500,000, na mwaka uliofuata walioingia katika mashindano yale wakafika 2,576, wengi wao wakiwa watu wa kazi za kawaida walioona kwamba mhasibu naye aweza.

Watu husifu lile dau la mwisho. Waliliita hadaa ya karne, na kila aonyeshwaye filamu ile huonyeshwa sekunde zile za kimya. Mimi nasema kwamba ushindi ulipatikana katika karata ya nne. Dau la mwisho lilikuwa hadaa tupu. Karata zote zilikuwa zimekwisha kufunuliwa, hapakuwa na tumaini lingine, na lau Farha angefuata, mhasibu wetu angekuwa karibu na kurudi Tennessee. Lakini dau hilo liliaminika kwa sababu lilifuatana na lile la kwanza. Aliyepandisha wakati shupaza tatu zimelala mezani amesema kwa kitendo chake kwamba anazo mbili mkononi. Na ile tatu ya kopa haikubadilisha neno hata moja la kisa hicho. Aliyekuwa amefuata tu katika karata ya nne, kisha akasukuma mali yote baada ya karata isiyo na maana, kisa chake kingekuwa na tundu, na mtu kama Farha angeliona tundu hilo. Mwangalieni pia Farha mwenyewe: malkia wake wa shupaza alimpa sababu ya kubaki, kwani naye alikuwa anangoja shupaza ya tano, na sababu hiyo ilikufa pamoja na karata ya mwisho, akabakiwa na jozi ya tisa mbele ya mtu ambaye amesema mara mbili kwamba anayo makubwa zaidi. Wapo wanaomlaumu, wakisema kuwa malkia yule mkononi mwake alikuwa dalili ya kwamba mwenzake yamkini hana shupaza mbili. Ni kweli. Lakini kulijua hilo ukiwa umekaa nyumbani ni jambo moja, na kuliwekea ubingwa wa dunia ni jambo lingine, na nusu-hadaa huishi katika nafasi iliyo baina ya mambo hayo mawili.

Msikilizaji asije akatoka hapa akidhani kwamba nimemwambia asukume mali yake kila anaposhika karata mbili za aina moja. La hasha. Vijana wengi waliosoma Brunson nusu kitabu wameangamia kwa dhana hiyo. Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni mtu aliye mbele yako. Iko aina ya mchezaji ambaye hajitoi; ukimwonyesha mlima atataka kuona upande wa pili. Kumfanyia hadaa huyo ni kumpa zawadi, maana ile njia ya pili ya ushindi imezibwa, ukabakiwa na njia ya kwanza kama yule anayengoja, tena kwa bei uliyoipandisha mwenyewe. Kwake yeye ngoja kwa bei ndogo, na ukitimia mtoze bila huruma. Wala usiwashambulie watu wanne kwa pamoja ukitumaini wote watajitoa, kwani mmoja wao karibu siku zote ana kitu. Na ni afadhali sana uwe wa mwisho kuongea kuliko wa kwanza, kwa sababu aliyewaona wenzake wakipisha anajua zaidi, na hata asipofanikiwa kuwafukuza kwa karata tatu za mwanzo, aghalabu watampishia katika ya nne, naye aweza kuipokea ya tano bure.

Zitazameni karata zenyewe pia. Anayengoja shupaza kwa tano na nne mkononi anaweza kuipata na bado akafa, kwa kuwa mwenzake ana shupaza kubwa zaidi. Hapo kutimia ndiko kunakomwangamiza. Na pale mezani panapokuwa na jozi, hatari ni kwamba mwenzako amekwisha kufika mbele ya mahali unapokwenda. Tena msisahau kwamba nguvu ya mkono usiotimia hukatika karibu nusu mara ifunuliwapo karata ya nne bila faida. Kopa tisa zilizokuwa na nafasi ya 35 huwa na nafasi isiyofika 20, na ushambulizi uliokuwa hesabu katika karata tatu waweza kuwa ukaidi katika ya nne.

Kuhusu haya yote upo ushahidi mmoja mzuri wa mwaka 1980, katika fainali ya ubingwa uleule, na aliyeshindwa alikuwa Brunson mwenyewe. Aliyekabiliana naye ni Stu Ungar, kijana wa New York mwenye akili ya kutisha kwa karata. Brunson alikuwa na ree na saba, Ungar alikuwa na tano na nne, na mezani zikafunuliwa ree, saba na mbili. Brunson akawa na jozi mbili, na Ungar akawa anangoja tatu, karata 4 tu katika 47 asizozijua, nafasi isiyofika 9 kwa 100 kwa karata inayofuata. Brunson akaweka dau, na Ungar, ambaye kwa ujasiri hakuwa na mfano, hakupandisha, alifuata tu. Ikaja tatu. Mali yote ikaingia katikati, na ubingwa ukaenda kwa Ungar. Kwa nini hakushambulia? Kwa sababu mtu mwenye jozi mbili za namna ile hajitoi, na karata nne ni chache mno kuwa bima. Lakini nyuma ya dau lile palikuwa na mali nyingi ambayo Brunson angeilipa endapo tatu ingetokea, kwa kuwa tatu haimtishi mtu kama shupaza ya nne mezani inavyotisha. Kufuata kwa Ungar kulikuwa kwa akili ileile iliyomfanya Moneymaker apandishe. Wote wawili waliuliza swali moja, kama huyu ataondoka au hataondoka, na kila mmoja akapata jibu lake.

Mashine nazo zimetoa hukumu. Januari 2017, katika mji wa Pittsburgh, programu iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 ya holdemu isiyo na kikomo dhidi ya wachezaji wanne wa kazi, mmoja mmoja, ikawashinda wote. Haikufundishwa na Brunson wala na kitabu chochote. Iliupata uchezaji wake kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Na iliyoyapata ndiyo haya: mikono isiyotimia mara nyingine hutumiwa kushambulia na mara nyingine hungojewa, kwa kiasi maalumu, ili hasimu asiweze kujua dau lililo mbele yake limetoka kwa mwenye kitu au kwa mwenye tumaini.

Sijaleta maneno haya ili kumvuta mtu katika kamari. Ungar huyo niliyemtaja, aliyeutwaa ubingwa 1980, 1981 na 1997, alikutwa amekufa katika chumba cha nyumba ya wageni huko Las Vegas mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 45, na mali yote aliyoishinda ilikuwa imekwisha kutoweka. Uislamu umeikataza kamari kwa tamko bayana, na hata asiyefuata dini hiyo amekwisha kuwaona jirani zake waliouza mashamba. Mas'ala ya akili, hata hivyo, hayahitaji fedha ili yafikiriwe, na punje za mahindi hutosha kabisa kuwa madau.

Basi naomba kila mwenye kasha la karata nyumbani atenge kopa mbili mkononi, aweke mezani kopa mbili na karata moja ya aina nyingine, azichange zile 47 zilizobaki, afunue mbili, na aandike kama kopa imetokea au haikutokea. Arudie jioni nzima pamoja na wanawe. Kisha agawe upya kwa watu wawili, mmoja akiwa wa kungoja na mwingine wa kushambulia, wabadilishane zamu, na mwisho wahesabu punje zao.